Utumbo Huu Haukatwi

Dhahabu ilipochachamaa Nyakunguru, kitu cha kwanza kubadilika hakikuwa nyumba wala mavazi. Kilikuwa ugali. Kabla ya hapo tulikula ubukima wa ulezi na muhogo, mzito, wa rangi ya udongo wa kichuguu, na mahindi tuliyasaga na ganda lake. Maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, yalipoanza kutoa mawe ya maana, akaja mtu na mashine ya kukoboa, akaifunga karibu na karasha za kusagia mawe ya dhahabu, na haukupita muda kijiji kizima kikawa kinakula sembe. Ukimwekea mchimbaji ugali wa dona anakuuliza kama umemfunga jela. Pumba zilirundikwa nyuma ya mashine, wenye nguruwe wakawa wanakuja kuzizoa kwa magunia, na sikumsikia mtu akiuliza ni nini hasa tunachowapa nguruwe.

Mimi nilikuwa miongoni mwa wapishi wa huo weupe. Nilikuwa na kibanda cha chakula kwenye njia ya kwenda maduarani, na nilijulikana kwa nyama ya kukaanga na ugali unaong'aa. Mboga za majani niliziweka pembeni ya sahani, kiasi cha kupamba tu, na wateja wengi walizirudisha zilivyokuwa. Mwenyewe nilikula nilichouza: chapati asubuhi, sembe na nyama mchana, soda ya baridi ikipatikana. Nilinenepa na kujiona nimefika.

Niliishi na mama aliyenioa. Niwaeleze kidogo wasio wa kwetu. Huku Tarime, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto wa msichana huyo wakawa wa nyumba yake. Niliolewa hivyo. Nilimwita mama, naye aliniita mwanangu akiwa na furaha, na mke wangu akiwa na hasira. Alikuwa mwembamba, mgongo umepinda kwa kusaga ulezi juu ya jiwe tangu usichana wake, na sidhani kama kuna mtu aliyeipenda ile mashine kuliko yeye. Siku ilipowashwa alikwenda kuisikiliza ikinguruma. Aliporudi alilitazama jiwe lake la kusagia, akaliambia kwa Kikurya kwamba sasa lipumzike, na akaapa mbele yangu kwamba hatapiga magoti mbele ya jiwe tena maisha yake yote.

Jiwe lenyewe halikupumzika. Majirani waliookota mawe machache ya dhahabu walikuja kuliazima, wakayasagia juu yake na kuyaosha kwa zebaki papo hapo. Mama hakujali. Kwake kazi ya lile jiwe ilikuwa imekwisha.

Tumbo lilinianza wakati wa masika. Nilidhani ni kuharisha kwa kawaida, nimekula kitu kilicholala. Kisha ikaja damu, na ute, na maumivu ya kukata upande wa kushoto. Duka la dawa likanipa dawa ya ameba. Nikapata nafuu kidogo, ikarudi. Wakanipa ya taifodi, ikarudi. Wakanipa ya minyoo, nadhani kwa sababu ndiyo iliyokuwa imebaki kwenye rafu.

Kwa mpishi hakuna ugonjwa mbaya kama huo. Ningekuwa nasonga ugali, tumbo linakamata, nauacha mwiko umesimama peke yake kwenye sufuria na kukimbia. Choo kilikuwa ng'ambo ya njia, kila aliyeketi kwenye benchi langu aliniona nikienda na kurudi. Nilinawa kwa sabuni mbele yao, kwa makeke na povu jingi, ili waone. Wateja wakaanza kunong'ona, kisha wakaanza kuhamia kwa mpishi wa pili karibu na karasha. Niliona aibu, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko aibu. Tumbo langu lilikuwa linanifungia biashara na mimi nimesimama nalitazama.

Mama alikuwa na tiba yake. Kwetu aliyepoteza damu hurudishiwa damu. Hupewa mwanamke aliyejifungua, hupewa kijana aliyetoka tohara. Akawaita vijana wa ukoo. Wakamfunga fahali kamba shingoni mpaka mshipa ukatuna, wakaupiga kwa mshale mfupi, damu ikaruka ndani ya kibuyu, wakaliziba tundu na fahali akaenda zake malishoni. Mama alikoroga ile damu na maziwa, akanishikia kibuyu kwa mikono yake mwenyewe.

"Kunywa," alisema. "Inayotoka ni nyingi kuliko inayoingia. Tutaishinda."

Nilikunywa asubuhi ile na asubuhi nyingine nyingi, na mchana akanichomea nyama, kwa sababu aliamini mboga ni maji tu. Nilikunywa kwa ajili ya macho yake. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama paa la nyumba yake likiungua. Mtoto wangu wa kiume, ambaye ndiye mwenye kulibeba jina la nyumba ile, alikuwa bado hajaanza shule. Damu iliingia juu ikatoka chini, na mimi nikakonda mpaka kanga ikawa inanizunguka na kubaki.

Mwishowe hospitali ya Tarime ikanipa rufaa kwenda Mwanza. Mama alikataa kubaki nyumbani. Muuguzi wa mapokezi alipomaliza kuniuliza yangu, akamgeukia.

"Shikamoo bibi. Wewe ni nani wake?"

"Marahaba. Mimi ndiye mume wake."

Muuguzi akaniangalia. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo ilivyo. Mama akavuta kiti akaketi, na tangu hapo hakuna aliyemwondoa kitandani pangu.

Daktari alikuwa dada wa rika langu, mpole, asiye na haraka. Walinipitisha mpira mrefu wenye kamera, na baadaye akanionyesha picha ya ndani yangu mwenyewe. Ukuta wa utumbo ulikuwa mwekundu, umechubuka, una vidonda vinavyovuja.

"Hii si ameba," alisema. "Mwili wako una askari wake wa kupigana na vijidudu. Kwako wamegeuka, wanaushambulia ukuta wa utumbo mpana. Kwa nini wanaanza, hatujui kwa uhakika. Ugonjwa huu hauondoki moja kwa moja, unatulia na kuamka. Kazi yetu ni kuutuliza, kisha kuuacha umelala."

"Na usipotulia?"

"Ikifika huko tunautoa utumbo mpana. Tunatoboa njia hapa tumboni, choo kinatokea kwenye mfuko. Watu wanaishi nao vizuri, sisemi kukutisha."

"Haukatwi," nikasema.

"Haukatwi kwa kusema tu, mama."

Sikuwadharau wanaoishi na mfuko. Niliwaona wodini, wengine walikuwa na nyuso nzuri kuliko yangu. Lakini nilijiona nikiinamia moto mbele ya wale wanaume ambao tayari walikuwa wananong'ona, na nikajua kibanda kitakufa. Zaidi ya hapo, utumbo ulikuwa wangu, na sikuwa tayari kuuachia bila kupigana. Niliweka nia hapo hapo kitandani, mama akiwa amelala kwenye kiti mdomo wazi.

Daktari aliniandikia vidonge vya kutuliza uvimbe, vya kumeza kila siku. Kisha akaniuliza nakula nini. Nilimwambia bila kuficha, na kwa fahari kidogo, maana kwetu kula sembe na nyama kila siku ni dalili ya kufanikiwa.

"Na mimea?" akauliza. "Nafaka yenye ganda, kunde, mboga, matunda?"

"Tulikuwa tunakula zamani, tulipokuwa hatuna kitu."

Ndipo akanieleza habari ya nyuzinyuzi, na nilimwelewa kwa sababu alizungumza kama mtu wa jikoni. Alisema mimea ina sehemu ambayo tumbo haliwezi kuisaga. Sehemu hiyo hushuka nzima hadi utumbo mpana, na huko inawakuta bakteria wazuri wanaoingoja. Wanaila na kuichachusha, jinsi togwa inavyochachuka kwenye mtungi, na kinachopatikana katika kule kuchachuka ndicho kinachoulisha ukuta wa utumbo na kuwapoza wale askari wakorofi. Utumbo unaoletewa sembe na nyama tu, alisema, una njaa, hata kama mwenye utumbo amevimbiwa.

"Si dawa," aliongeza. "Usije ukaacha vidonge kwa ajili ya mboga. Na hatujui bado kila kitu. Lakini wengi ambao ugonjwa wao umetulia, vyakula hivi vinawasaidia. Ila sasa nisikilize vizuri."

Maneno yaliyofuata yalikuwa ya maana kuliko yote, na nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Kichwani nilikuwa nimeshafika Nyakunguru, nipo nyuma ya mashine, nazoa pumba.

Ndivyo nilivyofanya. Nilirudi nikiwa bado natoka damu, nikachukua gunia na kwenda kwenye lundo. Mwenye nguruwe alinikuta pale, akacheka mpaka akakohoa.

"Siku hizi unafuga?"

"Najifuga mwenyewe," nikamjibu, na nikaendelea kuzoa.

Sisi watu wa huku tukiamua jambo hatulibembelezi. Nilichanganya pumba kwenye uji mpaka kijiko kikasimama. Nilipika makande ya mahindi yenye ganda lake na maharage magumu, nikala bakuli na kuongeza jingine. Nilitafuna miwa, nikala mahindi ya kuchoma, nikala mboga mbichi kwa chumvi. Kila tumbo liliponikata nilijiambia ni ugonjwa unaopiga kelele kwa sababu umepatikana. Mama alinitazama akasema nimechanganyikiwa. Nilimwambia asubiri aone.

Alichoona ni mimi nimejikunja sakafuni, homa inanichoma, na damu ambayo sikuwahi kuiona kwa wingi ule. Tulirudi Mwanza kwa gari la kukodi, mama amenishika mkono njia nzima.

Mama alimweleza daktari habari ya pumba, lakini hakunifokea. Alinichoma dawa kali iliyoniacha na uso wa mviringo kama mtu mwingine, akangoja nipate nguvu ya kuketi.

"Nilikuambia nini baada ya pumba?"

"Hukuniambia habari za pumba, daktari."

"Haya. Nilikuambia nini baada ya nyuzinyuzi?"

Sikukumbuka hata neno.

"Nilisema utumbo wenye kidonda kibichi haupewi makapi. Unapewa kitu laini mpaka upoe. Ukishapoa unaongeza kidogo, unangoja, unaangalia, unaongeza tena. Hakuna anayekufukuza. Ukirudi hapa tena katika hali hii, nitakayemwita ni daktari wa kupasua."

Alipoondoka nilianza kufikiria maduara. Nilikuwa nimewauzia chakula wachimbaji miaka yote ile na nilijua wanavyoshuka. Wanachimba kidogo, wanapiga matimba, yaani miti ya kushikilia kuta za duara, kisha ndiyo wanachimba tena. Anayeikimbilia dhahabu bila matimba, ukuta unamfunika. Mimi niliyejua hayo nilikuwa nimeruka ndani ya duara kwa miguu miwili. Nilijicheka, na kucheka kuliniuma tumbo, lakini nia yangu haikupungua hata punje. Ilibadilika mwendo tu.

Safari hii nilianza na vitu ambavyo mtu mzima anaona haya kula. Uji wa mchele. Ndizi mbivu zilizopondwa. Viazi vilivyomenywa, vikachemshwa mpaka vikalegea. Samaki wa ziwani kwa mchuzi mwepesi. Boga. Mama alilichukia boga langu kuliko alivyouchukia ugonjwa, akasema nakula kama kibogoyo. Nilimeza vidonge vyangu kwa saa zake, nikalala, nikaamka, nikaangalia chooni bila woga wala kinyaa, kama mpishi anavyoonja chumvi. Damu ilipungua. Kisha ikawa alama tu. Kisha siku moja haikuwepo, na nilimwita mama aje kuona, naye akaja, na tukasimama pale chooni wanawake wawili wazima tukishangilia. Jirani alichungulia juu ya ua akaondoka bila kuuliza.

Nilingoja zaidi ya nilivyoambiwa. Ndipo nikaanza kuongeza. Papai lililoiva vizuri. Mgagani uliopikwa mpaka ukalainika na kulazwa kwenye maziwa, kama tulivyokula utotoni. Kunde nilizoziloweka na kuzitoa maganda, na baadaye, mwili ulipokubali, pamoja na maganda yake. Kila kigeni kiliingia peke yake, ili kikinikorofisha nijue ni nani. Viazi vitamu vilikubali. Maharage makubwa yalikataa, nikayaacha, nikayarudia baadaye kwa kiasi kidogo yakakubali kwa shingo upande. Mahindi ya kuchoma na miwa yalikataa kabisa. Mpaka leo nikiona mtu ameketi barabarani anatafuna muwa namwonea wivu wa wazi.

Ulipofika wakati wa nafaka nilikutana na ukaidi wa watu wengine. Mwenye mashine hakutaka kunisagia dona. Kukoboa ndiko kulikokuwa kazi yake. Alisema nikimwaga mahindi yenye ganda kwenye kinu nitawachafulia watu sembe zao.

"Nitangoja mpaka jioni ukiwa unamaliza," nikamwambia.

"Jioni nafanya usafi."

"Basi mimi ndiyo uchafu wa mwisho kabla ya usafi."

Nilikaa juu ya debe langu tangu mchana. Watu walikuja na kuondoka na mifuko yao myeupe, wakanisalimia, nikaitikia. Jioni alinisagia bila kunitazama usoni. Safari iliyofuata nilikuja tena na kukaa. Alipoona nitahamia pale, akakubali kunisagia kila ninapokuja, mradi niondoke mlangoni pake.

Nilichanganya dona kijiko kwenye sembe, kisha vijiko, kisha nusu kwa nusu, mpaka ugali wangu ukaacha weupe. Uliobaki ulikuwa ulezi. Uji mwembamba wa ulezi niliupenda kuliko vyote na tumbo liliupenda pia, lakini ulikuwa haba, nilipata kisado tu kutoka Nyamwaga, na kwa mashine kisado si kitu, unga wote hupotelea ndani ya kinu. Unga niliokuwa nanunua sokoni ulikuwa na mchanga. Nilimwomba mama anifundishe kusaga juu ya jiwe.

"Jiwe lipi?" akauliza. "Lile lililokula dhahabu na zebaki? Unataka kujimaliza?"

"Tutafute jingine."

Hapo akawaka. "Mke wangu, nitazame mgongo. Unajua umepindwa na nini? Nimesaga kwa mama yangu, nikasaga kwa mama mkwe wangu. Nimesaga nikiwa na mimba, nimesaga nikiwa na homa. Mashine imekuja nami bado hai, namshukuru Mungu. Sitapiga magoti tena, na sitakula ubukima wa ulezi tena, na wewe usiniletee umaskini ndani ya nyumba yangu ukauita dawa."

Mgongo ulikuwa mbele yangu. Alikuwa na haki yake. Kwake kila punje ya sembe ilikuwa saa moja ambayo hakupiga magoti. Niliendelea kuchekecha ulezi wa sokoni, na yeye akaendelea kula sembe yake nyeupe mkabala wangu, tukigombea chumvi.

Nilipofungua tena kibanda nilipika sufuria mbili, moja ya sembe na moja ya dona. Nilizidisha mboga na kuongeza kunde. Siku za kwanza wachimbaji walinitania mpaka wakachoka.

"Mama, askari magereza yuko wapi?"

"Mama, tunaomba na sare za kifungo."

Niliwapakulia sembe yao nikakaa chini mbele yao kula dona yangu, taratibu, bila kukimbilia ng'ambo ya njia. Hilo ndilo nililotaka waone. Mchimbaji anaamini anachokiona kikitoka kwenye jiwe, na mimi nilikaa pale nimetulia kwenye benchi langu kuanzia ugali wa kwanza hadi sufuria ya mwisho kuoshwa.

Wa kwanza kuja upande wangu alikuwa jitu la miraba minne kutoka Kewanja, mtu wa kushuka chini kabisa ya duara. Alingoja wenzake waondoke, akaniinamia sikioni.

"Mama, naomba ule mwingine."

"Ule upi, mura? Sema kwa sauti."

"Taratibu basi. Huko chini hatunywi maji, tunashindia nyama na sembe. Haja kubwa imekuwa kama kuvunja mwamba."

Nilimpa dona na mgagani na papai, na jagi la maji, nikamwambia aanze na kidogo asije akaniletea balaa, na anywe lile jagi lote. Hakurudi kuniambia matokeo, mtu kama yule haelezi. Lakini alirudi kula, na baadaye akaja na mwenzake, nao wote wawili walikaa upande wa dona wakijifanya ni bahati mbaya. Niliwaambia ukweli kila mara, kwamba chakula hiki hakijaniponya, kwamba vidonge viko kwenye mkoba wangu na nitavimeza siku zote. Sikutaka mtu mwenye damu chooni aje kula mboga kwangu badala ya kwenda kwa daktari. Mmoja alinisikia, akaenda Tarime kupimwa.

Ukafika wakati wa kurudi Mwanza kwa kamera. Hapo ndipo ingejulikana kama ukuta umepona au kama utulivu wangu ulikuwa wa juu juu, na daktari alishaniambia kwamba akikuta moto bado unawaka ndani, mazungumzo ya kisu hayatakwepeka. Mama safari hii hakuja. Alisema goti linamsumbua. Nilifunga mkoba nikimwangalia, na niliumia kidogo, kwa sababu nilizoea kumwona amelala kwenye kile kiti. Sikumwambia.

Daktari alitazama picha zote. Kisha akageuza kioo ili nami nione. Ukuta ulikuwa wa rangi ya waridi iliyofifia, laini, wenye makovu hapa na pale.

"Umelala," akasema. "Endelea na vidonge, na endelea kula hivyo hivyo. Nitakuita tena kuangalia. Leo sina cha kukata."

Nilitaka kujibu neno la ukali, kama kawaida yangu. Nililia badala yake, kwa sauti, mpaka muuguzi akaja kuuliza nimeambiwa nini kibaya.

Nilifika Nyakunguru siku ya pili yake, jua la alasiri. Kabla sijaingia uani nilisikia sauti ambayo haikuwa imesikika kwetu tangu mashine ije, jiwe likienda na kurudi juu ya jiwe. Nilidhani ni majirani na dhahabu yao. Nikapita nyuma ya nyumba.

Mama alikuwa amepiga magoti. Mbele yake kulikuwa na jiwe jipya, pana, la kutoka mtoni, sijui alimwomba nani ambebee. Alikuwa ameligongagonga juu mpaka likakwaruza vizuri, kama inavyotakiwa, kazi ya siku zote nilizokuwa Mwanza, ndiyo maana alinidanganya habari za goti. Unga wa ulezi ulikuwa unadondokea kwenye ungo, laini kabisa, hauna mchanga.

Hakuinua kichwa. "Wameukata?"

"Hawajaukata, mama. Umelala. Umepona, umelala."

Mikono yake ilisimama. Alikaa hivyo ameinama, na nikaona tone moja likidondoka juu ya jiwe, akalifuta haraka kwa ukingo wa kanga kabla halijagusa unga.

"Nipishe nisage mimi," nikasema, nikapiga magoti upande wake.

"Ondoka. Hujui kusaga." Akaanza tena kusukuma, polepole, mgongo wake ukipanda na kushuka. "Mimi siuli huu. Nilishaapa. Lakini nilitoa ng'ombe nikaoa mtu mzima, sitaki kurudishiwa nusu. Nenda kateleke maji."

Nikaenda kuteleka maji.